Mwizi Asiye Mgeni: Historia na Lawama ya Umma katika Fasihi ya Ufisadi, kwa Usomaji wa Ndithini

1. Utangulizi

Fasihi ya Kiswahili haijapata kuwa na uhaba wa mtawala mwovu. Tangu Kusadikika ya Shaaban Robert (1951) hadi Kigogo ya Pauline Kea (2016), msomaji amekutanishwa na mawaziri wenye hila, meya mporaji, kiongozi anayefunga soko la wanyonge na mtawala anayewanyima raia maji ya kisima. Uhakiki nao umejizoeza kuiorodhesha dhamira hiyo chini ya vichwa vilivyokwisha kuchakaa: uongozi mbaya, ufisadi, usaliti wa uhuru, utabaka. Mwanafunzi wa shule ya upili huikariri orodha hiyo, akaiandika katika mtihani na kupata alama zake. Swali ambalo aghalabu haliulizwi ni la nyuma zaidi: mtawala huyo ametoka katika nyumba ya nani, na alipotuhumiwa, ni nani waliosimama kumtetea?

Makala haya yanashikilia kwamba kutoaminika kwa wanasiasa, kunakosemwa sana katika fasihi na katika mazungumzo ya kila siku, ni nusu tu ya ukweli. Nusu ya pili ni uaminifu wa wananchi kwa mwanasiasa wa kwao. Raia huwachukia wezi wote kwa jumla huku akimsamehe mmoja kwa jina. Kazi za fasihi zinazoishika nusu ya kwanza peke yake huwa shitaka lenye nguvu, lakini humwacha msomaji akiwa safi kama alivyokuwa kabla ya kusoma. Zile zinazozishika nusu zote mbili humtia msomaji mwenyewe kizimbani, na hizo ndizo zinazostahili kuitwa fasihi ya ufisadi kwa maana kamili.

Ili hoja hii isielee hewani, imewekwa mahali. Ndithini ni mojawapo ya wadi tano za eneo bunge la Masinga, katika kaunti ya Machakos. Ni nchi ya ukame na ya mvua zisizotabirika. Katika eneo bunge hilo hilo limo bwawa la Masinga kwenye Mto Tana, lililokamilika mwaka 1981. Umeme wa mabwawa ya Tana umewasha taa za miji ya mbali kwa miongo mingi, ilhali ukame umebaki kuwa habari ya kawaida kwa wakazi wa nyanda zilizo karibu nayo. Ndithini haikuchaguliwa kwa kuwa imezidi sehemu nyingine kwa uovu wa viongozi wala kwa wema wa raia. Imechaguliwa kwa sababu ni mahali pa kawaida, ambapo kumbukumbu ya historia ya Ukambani na vitabu teule vya shule hukutana mikononi mwa msomaji mmoja. Anachokisoma msomaji huyo katika tamthilia, wazee wake walikwisha kukiishi.

2. Cheo kilichotangulia imani

Kabla ya utawala wa Waingereza, Wakamba hawakuwa na mfalme wala chifu wa nchi nzima. Mambo ya utui yaliamuliwa na nzama, yaani baraza la wazee, na heshima ya mzee ilitokana na umri, hekima na mwenendo wake machoni pa watu waliomjua. Mwaka 1902 serikali ya Himaya ya Afrika Mashariki ilitunga sheria ya wakuu wa vijiji. Kwa sheria hiyo na zilizoifuata, akazaliwa mtu wa aina mpya: mkuu aliyeteuliwa kutoka juu, mwenye kazi ya kukusanya kodi na kutafuta vibarua, na mwenye kuwajibika kwa ofisa wa Kizungu aliyekuwa Machakos badala ya kuwajibika kwa wazee wa kwao.

Jambo hili lina uzito kwa mhakiki wa fasihi. Inasemwa mara nyingi kwamba imani ya umma kwa viongozi iliharibiwa baada ya uhuru, kana kwamba palikuwa na enzi fulani ambapo cheo cha serikali kiliaminika. Katika Ukambani cheo hicho kilikuja kabla ya imani; kilizaliwa kikiwa mali ya mwingine. Mwenye kukipata alionekana kuwa ameingia katika ghala la mgeni, na yeyote aliyechota humo akawaletea jamaa zake hakuonekana mara moja kuwa mwizi. Aliyeibiwa alikuwa nani, ikiwa ghala lenyewe halikuwa letu?

Mwaka 1938 ulionyesha kwamba watu hao hao waliweza kusimama pamoja pale walipokiona kinachoibwa kuwa ni chao. Serikali ilidai kwamba ardhi ya hifadhi ya Machakos ilikuwa ikiharibika kwa wingi wa mifugo, bila kutilia maanani kwamba malisho mengi yalikuwa yamekwisha kutwaliwa kwa ajili ya walowezi na kwa ajili ya dola. Ng'ombe wakaanza kuchukuliwa na kuuzwa kwa nguvu, wakati kiwanda cha nyama cha Liebig kikiwa tayari Athi River kuwapokea. Mnamo Julai mwaka huo maelfu ya watu, wake kwa waume, walitembea kwa miguu hadi Nairobi wakitaka kumwona Gavana Brooke-Popham, na wakapiga kambi huko kwa majuma kadhaa. Kiongozi wao, Muindi Mbingu wa Chama cha Wanachama wa Ukamba, alikamatwa na kupelekwa uhamishoni Lamu. Hata hivyo, kabla ya mwaka kwisha, serikali iliacha kuwauza ng'ombe kwa nguvu.

Ng'ombe aliyetolewa zizini ana jina, ana rangi na ana mwenyewe. Wizi wake hauhitaji kuelezwa na tume. Hapa ndipo ulipo mstari unaopambanua upinzani wa 1938 na unyamavu wa miaka iliyofuata: mali ya serikali haina rangi wala jina, na anayeibiwa haoni zizi lake likiwa tupu siku ile ile.

3. Mwaka 1966 na mwaka 1975

Mwana wa Ukambani aliyetajwa kuliko wote katika siasa za baada ya uhuru ni Paul Ngei. Alihukumiwa Kapenguria mwaka 1953 pamoja na Jomo Kenyatta, akafungwa na kuteswa, na alipotoka alipokewa kama shujaa. Sifa hiyo ilikuwa haki yake. Ndiyo maana yaliyofuata ni mazito.

Mwaka 1965 Kenya ilipatwa na uhaba wa mahindi, na mwaka 1966 tume ya uchunguzi ilichunguza jinsi mahindi yalivyonunuliwa na kugawanywa. Ngei, aliyekuwa waziri mwenye dhamana ya ushirika na masoko, alisimamishwa kazi kwa muda. Miongoni mwa mambo yaliyochunguzwa yalikuwa mahindi yaliyokifikia kiwanda cha unga kilichohusishwa na familia yake. Baadaye alirudishwa katika Baraza la Mawaziri. Mwaka 1975 mahakama ilimpata na hatia ya kosa la uchaguzi, na kwa sheria iliyokuwapo hakuruhusiwa kugombea kwa miaka mitano. Bunge likabadilisha katiba kwa haraka mwezi Desemba, ili Rais apate uwezo wa kumwondolea mtu kizuizi cha aina hiyo. Ngei akasamehewa, na mwaka 1976 akarudi bungeni. Alitoka katika siasa mwaka 1990, baada ya mahakama kumtangaza kuwa mufilisi, na akafariki mwaka 2004.

Masimulizi ya kawaida ya kisa hiki huishia kwa Rais aliyemwokoa rafiki yake wa gerezani. Masimulizi hayo ni ya kweli, lakini hayatoshi. Katiba iliyobadilishwa ilimfungulia mlango tu. Waliompitisha mlangoni ni wapiga kura. Wale wale waliokwisha kupanga foleni ya mahindi wakati wa njaa waliendelea kumwona kuwa ni wao. Hawakuwa wajinga. Walijua kwamba walioishi katika mikoa mingine walikuwa na wakubwa wao, na kwamba kumtoa wa kwao kungekuwa ni kubaki mikono mitupu mezani. Hiyo ndiyo hesabu inayofanya kutoaminika kwa wanasiasa na kupendwa kwao viishi katika moyo mmoja bila kugombana.

4. Idhini ya jamaa

Katika desturi za kale za Wakamba palikuwa na hukumu iliyoitwa king'ole. Waandishi wa mwanzo wa karne ya ishirini kama Hobley na Lindblom waliieleza: mtu aliyethibitika kuwa hatari kwa jamii, mchawi au mwizi sugu, aliuawa na watu kwa pamoja, ili damu yake isiwe juu ya mmoja wala isidaiwe fidia. Hukumu hiyo ilikuwa katili, na wengi wa walioipata kwa tuhuma za uchawi hawakuwa na kosa ambalo mahakama ya leo ingelitambua. Hakuna sababu ya kuitamani. Lakini ndani yake mlikuwa na sharti moja linalostahili kutazamwa na mhakiki: hukumu haikuweza kutekelezwa bila idhini ya jamaa wa karibu wa mtuhumiwa. Ilibidi ndugu aseme, mbele ya wazee, kwamba huyu ni wetu na tunamwachilia.

Maana ya sharti hilo ni kwamba jamii haikumtarajia mtu wa mbali awe wa kwanza kumhukumu mwovu. Lawama ya mgeni ni rahisi na haina gharama. Lawama yenye uzito ni ile inayotoka nyumbani kwake mshitakiwa, kwa kuwa anayeitoa anapoteza kitu. Siasa ya kisasa imeupindua utaratibu huo juu chini. Leo kiongozi anaposhitakiwa kwa ubadhirifu, jamaa zake ndio wa kwanza kukusanyika nje ya mahakama, na tamko lao hujulikana kabla halijatolewa: jamii yetu inalengwa. Idhini iliyokuwa ikiombwa kwa ndugu ili mkosaji aachiliwe mkononi mwa sheria sasa hutolewa ili sheria imwachilie mkosaji.

Kipimo cha idhini ya jamaa, basi, ndicho kitakachotumiwa hapa kuzisomea kazi nne za fasihi: mbili zilizoingia katika Kiswahili kwa tafsiri, na mbili zilizotungwa kwa Kiswahili.

5. Ugomvi wa Sardisi

Mwalimu Julius Nyerere aliitoa tafsiri yake ya tamthilia ya Shakespeare kuhusu Kaizari mwaka 1963, akaisahihisha na kuitoa upya mwaka 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari. Usomaji wa kisiasa wa tafsiri hiyo umeelemea maswali mawili: udikteta na uhalali wa kumwondoa mtawala kwa damu. Onyesho la tatu la kitendo cha nne, ambapo Bruto na Kasio wanagombana hemani karibu na Sardisi, limeonekana kuwa ugomvi wa marafiki tu. Kwa kipimo cha makala haya, hilo ndilo onyesho la msingi.

Chanzo cha ugomvi ni hongo. Bruto amemwadhibu mtu mmoja aliyekula rushwa kutoka kwa watu wa Sardisi. Kasio alikuwa amemwandikia barua kumwombea mtu huyo, na utetezi wake ni kwamba alimjua. Hakudai kwamba mtu huyo hana kosa. Alidai tu kwamba ni mtu wake. Bruto anamjibu kwa ukali, akimkumbusha kwamba Kaizari mwenyewe aliuawa kwa kosa la kuwakingia kifua wanyang'anyi. Kwa maneno mengine, mapinduzi yamekwisha kurudi pale yalipoanzia, na yamerudishwa na barua ya rafiki.

Shakespeare haishii hapo. Katika ugomvi huo huo Bruto anamlaumu Kasio kwa kumnyima fedha za kuwalipa askari, akisema kwamba yeye mwenyewe hawezi kuzitafuta fedha kwa njia chafu. Kinaya ni wazi: mwenye mikono safi anazihitaji fedha zilizopatikana kwa mikono asiyotaka kuiangalia. Na kabla ya hapo umma wa Rumi umekwisha kupimwa. Antonio aliwasomea wasia wa Kaizari wenye ahadi ya drakma sabini na tano kwa kila raia, nao wakakimbilia kuzichoma moto nyumba za waliomuua. Katika onyesho la kwanza la kitendo cha nne, Antonio yule yule anatafuta njia ya kupunguza gharama za wasia huo. Msomaji wa Ndithini aliyewahi kuziona kampeni za uchaguzi hahitaji maelezo ya chini ya ukurasa. Fedha hugawanywa mchana na kupunguzwa usiku, na aliyezipokea hujikuta amekwisha kuuza haki ya kuuliza.

Ubora wa tamthilia hii ni kwamba haina mtu wa kumsingizia. Mwenye kula rushwa ana rafiki, mwenye kuhukumu anahitaji fedha, na umma una bei. Kila mmoja yu ndani ya duara.

6. Fimbo ya kipofu

Mwaka ule ule wa tume ya mahindi, 1966, Chinua Achebe alichapisha riwaya ambayo wasomaji wa Kiswahili waliipata kwa jina la Mwakilishi wa Watu. Ilitoka wakati wa mapinduzi ya kwanza ya kijeshi nchini Nigeria, na kwa sababu hiyo imesomwa mno kama utabiri. Utabiri huo umefunika jambo kubwa zaidi.

Katika kijiji anakofundisha msimulizi yumo mwenye duka, Josiah, anayeiiba fimbo ya kipofu kwa nia ya kuitumia katika uganga wa biashara. Kijiji kizima kinamkataa. Hakuna anayehitaji kuwaamuru watu wasiingie dukani mwake; wanaacha kwenda, na duka linakufa. Wanakijiji wanasema kwamba mtu huyo amechukua kiasi cha mwenye mali kuona. Lakini wanakijiji hao hao wanamtazama Chifu Nanga, waziri anayekula mali ya taifa zima, na kusema kwamba aachwe ale, mradi kitu kidogo kiwafikie nao. Achebe analiweka wazi swali ambalo historia ya Ukambani ililiweka kwa ng'ombe na mahindi: kijiji kina mwenyewe, naye huona, taifa halina mwenyewe.

Odili, msimulizi, ndiye anayeonekana kuwa dhamiri ya riwaya. Hata hivyo, mwishoni anaamua kuzitumia fedha za chama alizobaki nazo kumlipia Edna mahari, na anazitafutia visingizio vya kutosha. Mhakiki anayelipita jambo hili haraka, akiliita udhaifu wa mhusika, ameikosa riwaya. Nanga naye alianza na kisingizio kama hicho. Na baada ya mapinduzi, wale waliomshangilia Nanga wanamlaani kwa sauti moja, kana kwamba hawakuwapo. Laana inayotolewa baada ya mtu kuanguka haina idhini ya jamaa ndani yake. Ni lawama isiyo na gharama.

7. Kisima na soko

Kifo Kisimani ya Kithaka wa Mberia (2001) na Kigogo zimesomwa na maelfu ya wanafunzi wa Kenya kama vitabu teule. Kigogo ilitahiniwa tangu 2018 hadi 2022. Zinapolinganishwa na kazi mbili zilizotangulia, tofauti yake inaonekana mara moja. Mtawala ni jitu. Bokono wa Butangi na Majoka wa Sagamoyo wamechorwa kwa wino mzito, wenye majina yanayowatangaza kabla hawajasema neno. Majoka analifunga soko la Chapakazi, wachuuzi wanabaki bila riziki, na Tunu na Sudi wanasimama upande wa pili wakiwa hawana doa. Mwisho wa tamthilia umma uko upande mmoja na dhalimu upande wa pili, na hata askari wanakataa kumtumikia.

Usawiri wa namna hii una nasaba yake. Tamthilia ya kupinga udhalimu iliandikwa chini ya dola zilizowafunga waandishi; Abdilatif Abdalla alifungwa miaka mitatu, kutoka 1969 hadi 1972, kwa kijikaratasi kilichouliza Kenya inakwenda wapi. Mahali ambapo kusema tu ni hatari, mwandishi hana anasa ya kugawa lawama kwa mizani ya dhahabu. Anachagua shabaha moja na kuilenga. Haki hiyo haipaswi kusahauliwa na wahakiki wa miaka ya amani.

Lakini ndani ya tamthilia zenyewe, pembezoni mwa jukwaa, kuna watu ambao uhakiki wa darasani umewaonea kwa kuwafanya wahusika wadogo. Katika Kifo Kisimani mtawala hamuui Mwelusi kwa mkono wake. Anayemuua ni Gege, kijana aliyeahidiwa kumwoa binti wa mtawala. Kisima kinalindwa na Bokono, lakini damu iliyomwagika kando yake imemwagwa na mtu mwenye kiu kama wengine. Kwa msomaji anayeishi katika nchi kame, si mbali na bwawa kubwa, jambo hilo linauma kwa namna ya pekee. Maji hayakosekani kwa sababu ya mtu mmoja. Hukosekana kwa sababu kila mmoja ameahidiwa mtungi wake.

Katika Kigogo yumo Boza, mchongaji kama Sudi. Mkewe, Asiya, huuza pombe haramu bila kusumbuliwa na amepewa kazi ya kuoka keki ya sherehe za uhuru. Boza anamtetea Majoka. Si mwovu, ana sababu, na sababu yenyewe imo jikoni mwake. Kenga naye, mshauri mkuu, ni binamu wa Majoka, na cheo chake hakitenganishiki na udugu huo. Hawa watatu ndio Sagamoyo halisi. Majoka bila Boza, Asiya na Kenga ni mtu anayepiga kelele chumbani peke yake. Tamthilia inalijua jambo hili, na inalionyesha. Kinachokosekana ni uhakiki wa kulisisitiza. Mwanafunzi anayeulizwa mara kwa mara kuhusu ukatili wa Majoka, na asiulizwe hata mara moja kuhusu keki ya Asiya, anafundishwa kwamba ufisadi ni sifa ya mtu mwingine.

8. Pingamizi

Msimamo huu unaweza kupingwa, na pingamizi lenyewe si jepesi. Wahakiki wa mrengo wa kitabaka watasema kwamba kumtwisha mnyonge lawama ni kumsaidia mnyonyaji. Mwanamke mwenye watoto wenye njaa anayepokea pakiti ya unga kutoka kwa mgombea hawezi kuwekwa mizani moja na waziri anayeiba mamilioni. Pingamizi hilo ni la haki kwa upande wa kiasi. Hakuna ulinganifu kati ya wizi wa aliyeshiba na udhaifu wa mwenye njaa, na fasihi inayousahau ukweli huo huwa mahubiri ya waliokwisha kula.

Hata hivyo, lawama na wajibu si kitu kimoja. Kusema kwamba umma una sehemu katika kumlinda mwizi hakumpunguzii mwizi hata senti moja ya hatia yake. Kunamrudishia umma kitu ambacho fasihi ya majitu imemnyang'anya bila kukusudia, nacho ni uwezo. Mtu asiye na sehemu katika uovu hana pia sehemu katika kuukomesha. Hubaki kumngojea Tunu mwingine au Mwelusi mwingine. Wale waliotembea hadi Nairobi mwaka 1938 hawakuwa matajiri. Walikuwa wafugaji walioibiwa, na hawakumngojea mtu.

9. Hitimisho

Muindi Mbingu alipelekwa Lamu, jirani na Pate. Ni katika funguvisiwa hilo ambapo, zaidi ya karne moja kabla yake, Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir alitunga Al-Inkishafi. Utendi huo unasimulia majumba ya wakwasi wa Pate yaliyogeuka magofu, na wahakiki wameutumia mara nyingi kama onyo kwa wenye nguvu. Lakini anayezungumziwa na mshairi si sultani wala mkwasi. Anauambia moyo wake mwenyewe, akiukaripia na kuubembeleza, na magofu ya Pate ni ushahidi anaouwekea mbele. Katika mizizi ya fasihi ya Kiswahili, basi, ipo njia nyingine ya kusimulia kuanguka kwa wakubwa, ambayo haimwachi msemaji nje ya shitaka.

Mwezi Juni 2024 vijana wa Kenya waliandamana kuupinga Mswada wa Fedha, na tarehe 25 wakaingia Bungeni. Baadhi yao walipoteza maisha. Walitangaza kwamba hawana kabila, hawana chama, hawana kiongozi. Katika maneno hayo, lililo geni kwa historia iliyosimuliwa hapa ni la kwanza. Kumkataa kiongozi ni jambo la tangu enzi za wakuu wa vijiji. Kumkataa kiongozi wa kabila lako, kwa kuwa ni wa kwako na amekuibia, ni kurudisha idhini ya jamaa mahali pake, pasipo ukatili wa king'ole. Kama kauli hiyo itahimili uzito wa sanduku la kura ni jambo ambalo haliamuliwi na fasihi.

Lililo ndani ya uwezo wa walimu na wahakiki ni dogo zaidi, lakini ni lao. Linaanza na maswali wanayoyatunga. Badala ya kumtaka mwanafunzi aeleze ufisadi wa Majoka kwa hoja kumi, aulizwe ni nani katika Sagamoyo angepoteza kitu kama Majoka angeondoka, na kila mmoja angepoteza nini. Badala ya kuuliza ni kwa nini Kaizari aliuawa, aulizwe kama barua ya Kasio ingeandikwa leo, ingetoka kwa nani na ingemwombea nani. Mwanafunzi wa Ndithini ataweza kuyajibu maswali hayo bila kamusi na bila mwongozo wa kitabu, na baadhi ya majibu yatamgusa mtu anayemjua.